Bili ya Usingizi

Mwezi uliopita nilisimama mbele za watu huko Malukhu, mjini Mbale, nikasifiwa kwa wema ambao sikuufanya, nami nikajibu asante. Ulikuwa msiba wa Mama Nekesa. Binti yake Nekesa, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, alinishika mkono akaniinua kutoka kwenye jamvi, akawaambia waombolezaji: "Huyu mnayemwona ni Hajati Zaituni, ametoka Jinja. Mwaka ule baada ya vita, baba alipokuwa amefungwa, huyu ndiye aliyemwandikia mama barua. Mama ametuambia mpaka anakufa kwamba siku ile karani alichoka, akalala kidogo hapa kwetu, na alipoamka akakataa kulipwa muda aliolala. Watu wa hivyo hawako tena." Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, na mwanamke mmoja akaniletea kiti cha plastiki. Umri wangu unakaribia sabini, magoti yananisumbua, nikakaa kwenye kiti kile nimeinama, wakadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini kilichoniinamisha ni aibu, maana nililipwa. Nililipwa muda wote, pamoja na ule niliolala, na mwenyewe ndiye niliyeudai.

Habari za wazazi wangu na za kuzaliwa kwangu sitazieleza hapa. Hazihusiki, na nikizianza nitapata pa kujificha. Nitasema tu kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa na taipureta. Ofisi ya mwanasheria niliyokuwa nikiifanyia kazi Jinja ilivunjwa vita vya kuiangusha serikali vilipopita, waporaji wakabeba viti, mapazia, hata vitasa vya milango. Taipureta ilisalimika kwa sababu nilikuwa nimeifunga kwenye shuka nikaiweka chini ya kitanda changu. Mwanasheria alipokuja kufunga ofisi hakuwa na mishahara yangu ya miezi mitano, akaniambia niichukue mashine ile tumalizane. Nikaipakia kwenye kapu, nikaenda Mbale ambako nilisikia watu wana shida ya kuandikiwa barua, nikapanga chumba Nabuyonga chenye dirisha moja linalotazama mlima Wanale. Chumba kilikuwa kidogo, nikitandika mkeka wa kuswalia hapabaki pa kuweka kiti. Lakini kilikuwa na meza, na kwa karani meza ndiyo duka.

Shida ya barua ilikuwepo kweli. Kila mtu alikuwa anatafuta kitu: mume, ng'ombe, nyumba, pikipiki iliyochukuliwa, mshahara wa marehemu. Na barua zote zilitakiwa ziwe za Kiingereza na ziwe zimepigwa chapa, maana mwaka ule ukienda ofisini na Kiswahili walikutazama vibaya. Watu walikuwa wamepigwa kwa Kiswahili, wameibiwa kwa Kiswahili, wameamriwa kulala chini barabarani kwa Kiswahili, kwa hivyo aliyekisema vizuri alidhaniwa askari au mke wa askari. Sisi Waislamu wa mjini tulikisema nyumbani toka utoto, tukajifunza kukinyamazisha tukipita sokoni. Wateja wangu waliingia chumbani, wakafunga mlango, ndipo wakaanza kunieleza mambo yao kwa lugha ile ile, na mimi nikayageuza kuwa Kiingereza.

Mwanzoni nilitoza kwa ukurasa. Nikaona nimeliwa. Alikuja mzee mmoja na habari ya ng'ombe sita, akaongea asubuhi mbili mfululizo, akanieleza tabia ya kila ng'ombe, na barua ikatoka nusu ukurasa. Nikakumbuka maneno ya yule mwanasheria wa Jinja, aliyekuwa akisema, "Zaituni, usiuze karatasi, karatasi haina thamani. Uza saa." Basi nikaanza kuuza saa. Nilivua saa yangu ya mkononi, nikaiweka mezani uso wake ukimtazama mteja, nikamwambia: tukianza tumeanza. Kanuni yangu ilikuwa kwamba mpaka nifunike mashine, muda wote ni wa mteja. Nikinywa chai, saa inakwenda. Nikiswali, saa inakwenda. Nilikuwa na utetezi wake kabisa, hakuna aliyeniuliza lakini nilikuwa nao: kwamba mikono ya mpiga chapa hukakamaa, kwamba aliyeajiriwa ofisini hunywa chai yake na mshahara haukatwi, na kwamba mimi niliyejiajiri sina wa kunilipia mapumziko isipokuwa mteja. Mpaka leo sioni uongo katika maneno hayo, na ndiyo maana yalinidanganya vizuri. Chumbani kwangu, chai nikinunua mwenyewe, pengine yalikuwa sawa. Sikuwa nimefikiria itakuwaje siku chai ikiwa ya mteja.

Mama Nekesa alikuja kwangu wakati wa kiangazi. Alikuwa Mkenya, Mkristo, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na mitano hivi, anayesema Kiswahili kwa sauti ya kawaida bila kutazama mlangoni, kitu ambacho mwaka ule kilinishangaza. Mumewe, Barasa, alikuwa dereva wa lori la chumvi kutoka Kenya, na kwa sababu barabara ilikuwa ndiyo maisha yake, alimpangia mkewe nyumba Malukhu, katikati ya safari, amwone akienda na amwone akirudi. Siku za mwisho za vita, askari wa upande uliokuwa unashinda walimsimamisha kwenye kizuizi njia ya Jinja. Alikuwa amevaa koti la jeshi alilonunua kwenye mitumba kwa ajili ya baridi ya usiku, na alipoitwa akajibu, "Ndiyo, afande." Hayo mawili yalitosha. Wakasema ni askari wa serikali iliyoanguka anayetoroka, wakampeleka kufungwa pamoja na mamia ya wengine. Msaidizi wake wa kwenye lori aliponyoka, akaja kumwambia mkewe. Mama Nekesa alikwenda mara mbili mpaka lango la gereza hilo, sitalitaja, akaambiwa kuna kamati inayowachuja wafungwa, ailetee barua ya Kiingereza inayothibitisha kwamba mumewe ni raia. "Niko na watoto wanne," akaniambia, "sina wa kuwaachia nikikaa kwako siku nzima. Kuja kwangu tuandikie huko. Niko na pesa ya masaa matatu, karani. Nimehesabu."

Nilikwenda siku ya pili yake, taipureta nimeifunga nyuma ya baiskeli, nikiisukuma kwa miguu kwa kuogopa mashimo. Nilifika saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa, viti vimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Chini ya meza palikuwa na jozi ya viatu vya kiume, vimepakwa rangi, kamba zimefungwa. Nekesa, aliyekuwa na kama miaka tisa, alikuwa amewakalisha wadogo zake mlangoni. Kabla sijaweka karatasi nililetewa chai. Niliionja nikashangaa, kwa sababu ilikuwa na sukari. Vijana wa leo hawawezi kulielewa hilo. Sukari mwaka ule ilikuwa inapimwa kwa kijiko cha dawa, watu walifunga safari kwenda Busia kutafuta robo kilo, na huyu mwanamke mwenye watoto wanne na mume gerezani alikuwa ameitia kwenye kikombe changu mpaka ikawa tamu kwelikweli. Chai ya watoto niliiona, ilikuwa nyeusi na haikuwa na kitu. Nilikunywa yangu yote. Saa ilikuwa mezani.

Tulifanya kazi vizuri mpaka saa sita. Alikuwa anaeleza polepole, anarudi nyuma, anarekebisha, na mimi ninaandika kwa mkono kwanza: jina la mume, mwajiri wake, namba ya lori, siku aliyopita Tororo, watu waliomwona. Nilimsikia akijikaza. Alipofika kwenye habari ya lile koti alisimama, akaenda kuchungulia jikoni, akarudi macho yamekuwa mekundu, akasema ni moshi wa sigiri. Saa sita kamili akafunika karatasi zangu kwa kitambaa. "Ukule kwanza, karani. Hiyo kazi itangoja." Nikaona kwenye sinia kuna kuku. Kulikuwa pia na ugali wa mtama na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha huko mlimani na kuyapika kwa karanga, lakini macho yangu yalikuwa kwa kuku. Akaniona nasita, akaelewa vingine. "Usiogope," akasema. "Nilimpeleka pale msikitini mapema, mzee akamchinja yeye mwenyewe. Mimi sikumgusa mpaka akafa." Mwanamke Mkristo, alfajiri, amembeba kuku kwapani mpaka msikitini ili mgeni wake ale kwa amani. Na alikuwa kuku wa mayai. Niliona kiota chake nyuma ya mlango, na hakukuwa na kuku mwingine.

Nilikula. Sitasema nilionja tu kwa adabu, nilikula kama mtu ambaye hajaona nyama miezi miwili, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alinichagulia paja, akaniongeza firigisi ambayo kwao hapewi mwanamke, akacheka akisema leo hakuna mwanamume wa kuidai. Kisha nikaomba maji, nikatawadha, nikaswali adhuhuri pale pale kando ya meza, watoto wakinitazama. Nilipomaliza akaniambia nijinyooshe kidogo kwenye mkeka, uso wangu umechoka. Nikalala. Nilipozinduka nilikuta nimefunikwa leso yake, kichwa changu kiko juu ya mto, na nyumba nzima imetulia. Nilisikia sauti mbili za chini jikoni. Moja ilikuwa ya jirani, mwanamke wa Kigisu, wenyeji wa mlima ule, ambao husema "nalala" kwa maana ya "analala". "Huyu nalala," akasema, "na saa yake natembea?"

"Acha wewe," akajibu Mama Nekesa. "Mtoto wa watu amechoka. Nani atalipisha mtu usingizi?"

Nilikuwa macho. Niliyasikia yote mawili, swali na jibu. Na sikuamka. Nilijitia nimelala, nikabaki chini ya ile leso kwa muda mrefu, robo saa labda au zaidi, kwa sababu mto ulikuwa laini na tumbo lilikuwa limeshiba, na kwa sababu kila dakika pale ilikuwa ina bei. Hilo la mwisho nimelikana miaka yote. Nilikuwa najiambia kwamba nilihesabu ule muda kwa mazoea, kwamba karani kijana hana akili ya kufikiria mbali. Lakini nililala pale nikifikiria, tena kwa utulivu. Nilifikiria kodi ya chumba. Nilifikiria utepe wa mashine uliokuwa umepauka, na mahali wanapouza utepe kwa njia ya magendo. Nikajiuliza kama nitaweza kumtazama usoni, nikaona nitaweza. Kisha nikaamka, nikapiga miayo ya uongo, nikarudi mezani. Ilikuwa saa nane.

Mama Nekesa aliketi mkabala nami, akajifuta mikono. Alionekana amepata nguvu, nadhani ule ukimya wa mchana ulimpa nafasi ya kukumbuka. "Karani," akasema, "kuna habari ya kidole sijakuambia."

"Sema, mama," nikajibu, nikaigeuza saa tuione wote wawili. "Ila ujue tumeshafika saa nne."

"Saa nne ndiyo ulifika." Alitabasamu, akidhani usingizi haujanitoka. "Sasa ni saa nane."

"Nasema masaa manne, mama. Ya kulipa."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni bila kazi, na macho yakaanza kuhesabu: saa nne mpaka saa tano, saa tano mpaka saa sita. Akatazama sinia ambalo lilikuwa bado halijaoshwa. Akatazama mkeka. Nikamwona anafika mwisho wa hesabu yake, na nikamwona anaamua kutosema kitu. "Mimi niko na ya masaa matatu," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuambia." Nikamjibu kwamba ndiyo, aliniambia. Nikasubiri. Neno moja tu lilikuwa linatosha, hata "basi, mama", hata kucheka na kuipindua ile saa. Sikulisema. Akasimama. "Basi hiyo ya kidole tuiache. Ni hadithi ndefu, ilianza akiwa mtoto. Piga hivyo hivyo." Akaenda chumba cha ndani, akakaa huko zaidi ya nilivyotarajia, na alipotoka alikuwa na pesa zote, nyingine za noti na nyingine za sarafu, akaniwekea mezani kwa mikono miwili kwa heshima. Kupiga chapa kulichukua karibu saa nzima. Hiyo nikamwambia nimemsamehe. Nikajiona mkarimu, na yeye akanishukuru, akanisindikiza mpaka barabarani akiishika baiskeli kwa nyuma isiyumbe.

Jibu la kamati lilichukua miezi mitatu. Alikuja nalo Nabuyonga mwenyewe, akalishika kwa ncha za vidole, nikamsomea: katika orodha ya waliofungwa hakuna mtu anayeitwa Barasa. Alikaa kwenye kiti changu cha pekee. Nikamwambia tuandike nyingine, tuandike na alama zake, makovu, chochote. Nikaifunika saa kwa daftari. "Basi ni kile kidole," akasema. Barasa alipokuwa mvulana alikuwa akisukuma miwa kwenye kinu cha kukamulia, kinu kikamvuta mkono, kikamkata kidole cha mkono wa kulia. Nikamwuliza kidole kipi. Akaninyooshea chake, kidole cha shahada, kile ambacho mimi nilikiinua nikiwa kwenye tahiyatu mchana ule kando ya meza yake. Hakukuwa na hata pingili moja iliyobaki. "Ataipigaje bunduki?" akaniuliza. "Hata usukani anauzungusha kwa kiganja." Niliandika yote. Sikumtoza, hata chai niliyompa sikunywa naye. Ilikuwa hadithi fupi, kwa saa yangu isingefika dakika kumi.

Barua hiyo haikupata hata kujibiwa. Siku nane baadaye alikuja Malukhu mtu aliyefunguliwa kutoka gereza lile, Mgisu mmoja mwembamba aliyevaa shati kubwa kumzidi, na Mama Nekesa akatuma niitwe, maana alitaka kila neno liandikwe. Nilikaa na daftari kwenye kile kile chumba. "Mimi nakaa na yeye chumba moja," mtu yule akasema. "Dreva. Jina yake Balasa." Nikamwuliza kama ni Barasa. "Ndiyo, Balasa," akajibu, na nikaelewa kwamba karani wa gereza alikuwa wa ulimi kama wake, aliandika alivyosikia, na Barasa wetu alikuwa kwenye orodha muda wote, jina lake limeandikwa kwa herufi nyingine. Lakini hakuishia hapo. "Jina nachanganya watu wengi," akasema. "Kwa hiyo nasoma jina na alama. Yule ya kovu kwa shingo, barua yake nakuja, natoka. Yule ya jicho moja, natoka. Balasa kila siku naonyesha afande mkono yake, nasema mimi hapana askari, angalia. Afande nasema, hakuna barua ya mtu bila kidole. Ngoja bibi yako aandike." Akatazama chini. "Mvua naanza, tumbo nashika yeye. Siku tatu tu." Nilipiga hesabu pale pale, sikuhitaji karatasi. Mvua zilianza miezi miwili baada ya barua yetu ya kwanza, barua ikiwa tayari mikononi mwa kamati. Mama Nekesa alikuwa ananitazama, si kwa hasira, alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mwenzake aseme kwanza. Nikaandika neno "tumbo" kwenye daftari, nikalipigia mstari, nikajitia hamnazo.

Mwisho wa mwaka nilirudi Jinja, nikapata chumba Mafubira, na maisha yakaanza kutengemaa, kwangu na kwa nchi. Nilipiga chapa miaka mingine ishirini, na kwa miaka yote hiyo nilitoza kwa ukurasa. Wenzangu walinicheka kwamba nakubali kuliwa na wateja wenye domo refu. Nikawaacha wacheke. Mama Nekesa hakurudi Kenya, alisema mumewe yuko katika udongo wa huku na yeye atakaa huku. Mara kwa mara mfanyabiashara alipita kwangu na furushi la malewa makavu na salamu kutoka Malukhu. Niliyapokea, nikatuma sabuni na salamu, na kila nilipokaa kuandika salamu hizo nilikusudia kuongeza neno la kuomba radhi, na kila mara nikalifunga furushi bila neno. Nilijiambia yeye hajaunganisha kile kidole na usingizi wangu. Halafu nikajiambia anajua lakini amesahau. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa anawaambia watoto wake nimekataa pesa.

Ndiyo sababu msibani, baada ya sifa zile, sikuweza kuendelea kukaa kwenye kile kiti. Nilimfuata Nekesa mpaka chumba cha ndani, alipokuwa anapanga nguo za mama yake kitandani. Nikafunga mlango. Nikamwambia, "Nekesa, mama yako alinisitiri. Nililipwa. Masaa manne, na mawili kati yake nilikula na kuswali na kulala. Na usingizi wenyewe nusu ulikuwa wa kujifanya."

Hakushtuka. Aliikunja leso aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine. "Najua, shangazi," akasema. "Mimi ndiye nilitumwa kwa jirani, kwa mlango wa nyuma, kukopa pesa ya saa ya nne. Nilimchotea jirani maji mpaka Krismasi, kulipa deni. Mama alitukataza. Alisema karani amekula kwetu, hatuwezi kumtangaza." Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akanitazama kama mama yake alivyonitazama siku ile ya daftari. "Lakini kuna kitu nimetaka kukuuliza toka nikiwa msichana, na mama hakukubali kukijibu. Ile barua ya kwanza. Ile iliyofika baba akiwa hai. Mliandika kidole?"

Mama yake alikuwa amelizika hilo kwa ajili yangu, nami ningeweza kuliacha lizikwe naye, nikabaki salama. Ningesema sikumbuki, na kwa umri wangu angeamini. "Hatukuandika," nikasema.

"Kwa nini?"

"Alitaka kuniambia. Pesa yake ilikuwa imekwisha, kwa sababu masaa yake nilikuwa nimeyalala."

Nekesa alisimama, akasema, "Sawa," akachukua rundo la leso akatoka nalo kwa mlango wa nyuma. Nilimsubiri kwenye kile chumba mpaka nikaelewa kwamba harudi. Kwao mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kwa ugomvi hupelekwa japo hatua chache. Niliokota mkoba wangu, nikafungua mlango wa mbele, nikapita katikati ya waombolezaji kuelekea barabarani, na watu wakawa wananyoosha mikono kila upande, wananishukuru.